Bendi za pop na roki zilizobaniwa: Big Star, Badfinger, Zombies, WITCH, Sunburst. Tuzichambue hapa

#1 MkandaMama (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa bendi za pop na roki ambazo kazi yao ilistahili kufika mbali kuliko ilipofika. Tusirushe majina tu. Ukitaja bendi, taja albamu, sema kilichomo ndani yake, halafu onyesha mambo yaliharibikia wapi: mkataba, usambazaji, studio, redio au serikali. Msimamo wangu ni kwamba nyingi ya bendi hizi hazikushindwa kwenye nyimbo. Zilikwamia katikati, baada ya studio na kabla ya duka.

Naanza na Big Star wa Memphis, Tennessee. Alex Chilton na Chris Bell kwenye gitaa na sauti, Andy Hummel besi, Jody Stephens ngoma. Chilton hakuwa mgeni wa jukwaa. Akiwa na miaka 16 ndiye aliyeimba "The Letter" ya Box Tops, iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1967. Albamu ya kwanza ya Big Star, #1 Record, ilirekodiwa Ardent Studios chini ya John Fry na kutoka 1972. Waandishi wa muziki waliisifu sana. Lakini Ardent ilikuwa inasambazwa na Stax, kampuni iliyojengwa kwa muziki wa soul, na mawakala wake hawakuwa na njia ya kuifikisha albamu ya roki kwenye maduka yaliyouza roki. Mtu anausikia wimbo redioni, anakwenda dukani, haikuti. Stax ikaingia makubaliano ya usambazaji na Columbia, na hapo ndipo palipoharibika kabisa: Columbia hawakutaka kushughulika na wale wasambazaji huru wa zamani, na hata nakala zilizokuwa zimeshafika madukani zikaondolewa. Wakati ule haikufikisha nakala 10,000.

Bell akajitoa kabla mwaka haujaisha. Waliobaki watatu wakatoa Radio City mwaka 1974, nayo ikaangukia kwenye ugomvi wa Stax na Columbia. Ya tatu ilirekodiwa 1974 na mtayarishaji Jim Dickinson, ikakaa kabatini hadi 1978.

Kama hujawahi kuwasikia, anza na "The Ballad of El Goodo", kwa spika mbili au hedifoni, si spika ya simu. Sikiliza magitaa yalivyogawanywa kushoto na kulia, kila moja likipiga kitu chake, na sauti za kuitikia zinavyoingia juu yake bila kufunika maneno. Kisha "September Gurls". Ile sauti nyembamba inayong'aa inatoka kwenye gitaa dogo la nyuzi 12 liitwalo mando-guitar, ambalo hupigwa oktavu moja juu ya gitaa la kawaida.

#2 Besi_ya_Kariakoo

Mkuu, heshima yako, ila Big Star tayari wana heshima yao. The Bangles waliuimba "September Gurls" mwaka 1986, The Replacements walitoa wimbo uitwao "Alex Chilton" mwaka 1987, na "In the Street" ukawa wimbo wa ufunguzi wa That '70s Show. Hao tuwahesabu kwenye waliobaniwa?

#3 MkandaMama

Tuwahesabu. Tazama tarehe. Chris Bell alifariki kwa ajali ya gari tarehe 27 Desemba 1978, akiwa na miaka 27, mwaka huohuo singo yake "I Am the Cosmos" ilipotoka. Hayo yote uliyoyataja yalikuja baada yake. Chilton aliishi hadi Machi 2010 na akaona sehemu ya matunda. Heshima iliyokuja baadaye haikumlipa mtu kodi ya nyumba mwaka 1974.

#4 Mwanasheria_Mpenda_Gitaa

Naomba kuchangia kwa Badfinger, maana kisa chao kinamhusu kila mwanamuziki anayeandika nyimbo.

Bendi hii ilianzia Swansea, Wales, kwa jina la The Iveys, ikasajiliwa na Apple, kampuni ya Beatles. "Come and Get It" waliandikiwa na Paul McCartney. "No Matter What" na "Day After Day" ni za Pete Ham, na hii ya pili ilitayarishwa na George Harrison. Kwenye albamu No Dice ya 1970 kuna wimbo "Without You". Beti ni za Pete Ham, kiitikio ni cha Tom Evans. Vilikuwa vipande viwili tofauti vikaunganishwa. Harry Nilsson akaufikisha namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1972, na Mariah Carey akaurudia mwaka 1994. Toleo la Mariah ndilo wengi wetu tulilonalo kichwani, na watu wanaoujua wimbo huo neno kwa neno hawajawahi kusikia jina Badfinger.

Sasa fedha. Meneja wao, Stan Polley, aliunda kampuni iliyopokea mapato yote ya bendi, kisha wanamuziki wakalipwa mshahara kutoka humo. Yaani walioandika nyimbo waligeuka waajiriwa, na mwenye kuona hesabu ni meneja peke yake. Mwaka 1972 akawasainisha Warner Bros. kwa albamu sita ndani ya miaka mitatu, huku bado wana deni la kazi kwa Apple. Albamu mbili kwa mwaka pamoja na ziara ni mzigo unaolazimisha kurekodi nyimbo ambazo hazijaiva. Hata hivyo walitoa Wish You Were Here mwaka 1974, na kwangu mimi ndiyo albamu yao bora.

Katika mkataba kulikuwa na dola 100,000 zilizopaswa kukaa kwenye akaunti ya dhamana ambayo pande zote mbili zingeweza kuiona. Warner walipouliza fedha ziko wapi, hawakupata jibu. Desemba 1974 wakafungua kesi, na mwanzoni mwa 1975 albamu ikaondolewa sokoni, wiki chache tu baada ya kutoka. Mishahara ikakatika. Pete Ham alijiua Aprili 1975, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28. Tom Evans naye alijiua mwaka 1983, na mvutano wa mirabaha ya wimbo huohuo "Without You" ulikuwa bado haujatulia.

#5 dada_wa_korasi

Inauma sana hii. Mkuu wa sheria, kwa wanaorekodi leo, karatasi ya mgawanyo wa haki za wimbo iwe na nini ndani?

#6 Mwanasheria_Mpenda_Gitaa

Dada, ni ukurasa mmoja tu:

Jina la wimbo na tarehe. Majina ya kwenye kitambulisho, si ya jukwaani peke yake. Kila mmoja kafanya nini: maneno, melodia, mapigo. Asilimia ya kila mmoja, na jumla iwe 100 kamili. Namba ya IPI, yaani namba ya utambulisho wa mtunzi, kwa aliye mwanachama wa chama cha hakimiliki. Saini za wote siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajatoka studio.

Inapoharibika ni hapa: wawili wanasajili wimbo mmoja kila mtu kivyake, mmoja anaandika 60, mwingine 50. Jumla 110. Mfumo unaona mgogoro na malipo yanasimama kwa wote mpaka mkubaliane. Wimbo ukiwa umelala hakuna anayejali, ukilipuka ndipo mnagundua hamna karatasi.

La pili, msichanganye haki mbili. Utunzi una namba yake, ISWC. Rekodi ina yake, ISRC, ya herufi na tarakimu 12. Msanii mwingine akiuimba wimbo wako upya, rekodi yake inapata ISRC mpya na fedha za rekodi ni zake, lakini fedha za utunzi zinarudi kwako. Hiyo ndiyo haki iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote kwa Ham na Evans. Kamwe usiiweke kwenye kampuni ambayo huna haki ya kukagua vitabu vyake.

#7 Njia_Nne

Mimi naleta Zombies wa St Albans, Uingereza, na albamu Odessey and Oracle. Rod Argent kinanda, Colin Blunstone sauti, Chris White besi, Paul Atkinson gitaa, Hugh Grundy ngoma. Kampuni ya rekodi ya CBS iliwapa bajeti ya pauni 1,000. Walianza Juni 1967 pale Abbey Road, mara tu baada ya Beatles kumaliza Sgt. Pepper's, kwa mashine ya traki nne.

Traki nne maana yake hivi. Unarekodi ngoma, besi, kinanda na gitaa, mkanda umejaa. Ili kuongeza sauti za kuimba, unazichanganya zile nne na kuzihamishia kwenye mashine nyingine, zikae kwenye traki moja au mbili. Kila ukihamisha, mvumo wa mkanda unaongezeka, na ule uwiano uliouchanganya hauwezi kurudishwa nyuma. Besi ikiwa chini umekwisha. Kwa hiyo bendi ilibidi ije studio na mpangilio kamili kichwani, wajue sauti ya tatu ya kuitikia itaingia wapi kabla hata ngoma haijarekodiwa. Ndiyo sababu albamu ile haina kitu kilichorundikwa ovyo.

Kisha ile sauti ya vinanda vya upepo na nyuzi, ni Mellotron. Ndani yake kila kibonye kina utepe wake wa sumaku wenye sauti iliyorekodiwa tayari. Ukibonyeza, utepe unavutwa, unasoma kwa sekunde zipatazo nane, halafu umefika mwisho na sauti inakatika. Ukiachia, springi inaurudisha. Mpigaji hawezi kushikilia noti moja kwa muda mrefu. Lazima abadilishe vidole kabla ya hizo sekunde, na akirudi kwenye kibonye kilekile haraka mno utepe unakuwa haujarudi. Leo programu za kompyuta zinakuruhusu kushikilia utakavyo, na hapo ndipo watu wanapoikosa ladha. Jiwekee kikomo cha sekunde nane, utasikia tofauti.

Palipoharibika: waliwasilisha miksi ya mono, CBS wakataka na ya stereo, bajeti imekwisha. Argent na White wakatoa pauni 200 za mirabaha yao wenyewe. Kwenye "This Will Be Our Year" tarumbeta zilikuwa zimeongezwa moja kwa moja kwenye miksi ya mono, hazimo kwenye mkanda wa traki nne. Kwa hiyo stereo ya kweli yenye tarumbeta haikuwezekana, ikatengenezwa ya bandia kutokana na mono. Ndiyo maana wimbo huo nashauri uusikilize kwa mono tu.

Bendi ilivunjika Desemba 1967. Albamu ikatoka Aprili 1968, hakuna wa kuifanyia ziara. Mwanamuziki na mtayarishaji Al Kooper ndiye aliyeisukuma itoke Marekani, na "Time of the Season" ukafika namba 3 huko mwaka 1969, wakati Blunstone anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Mapromota wa Marekani wakaunda Zombies feki na kuzungusha miji. Kwenye kundi moja la feki walikuwamo Dusty Hill na Frank Beard, waliokuja kuwa ZZ Top.

#8 Besi_ya_Kariakoo

Nakazia hapo kwenye "Time of the Season". Wapiga besi wachanga wanaijaza mno. Kipande cha White ni kifupi, halafu kimya, na ndani ya kile kimya linaingia kofi la mikono na ile pumzi yenye mwangwi. Ukiongeza noti hata moja pale, kofi linapotea.

#9 Copperbelt_74

Wakuu, tumeshazunguka Memphis na London, sasa tushuke Zambia. Zamrock ndiyo roki iliyobaniwa kuliko zote, na iko jirani yetu.

WITCH walitokea Kitwe, ukanda wa shaba. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, maarufu Jagari. Albamu zao za mwanzo ni Introduction, In the Past na Lazy Bones!!, zote ndani ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Wengine wa kutafuta: Amanaz na albamu yao Africa ya 1975, Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya, ambao walikaa na kurekodi Nairobi, Chrissy Zebby Tembo, na Ngozi Family ya Paul Ngozi, hasa Day of Judgement ya 1976. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua Lazy Bones!!. Magitaa mawili yamezama kwenye fazi na wawa (pedali za kubadili sauti ya gitaa), lakini besi na ngoma ziko kavu na mbele, hivyo wimbo hauvunjiki.

Kwa nini hazikufika mbali? Mwanzoni Zambia haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, kazi ilibidi ivuke mpaka. Rais Kaunda aliagiza redio icheze asilimia 95 ya muziki wa Zambia, na hilo liliwapa bendi soko la nyumbani, lakini nyumbani ndiko lilikoishia. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ikaporomoka, na mishahara ya migodini ndiyo iliyokuwa inanunua tiketi na santuri. Vita vya Rhodesia vikaleta marufuku ya kutembea usiku, bendi zikahamishia maonyesho mchana. Kisha disko, kaseti za kunakili, na miaka ya 1980 UKIMWI ukawamaliza wengi wa wanamuziki wenyewe. Jagari aliacha bendi akawa mwalimu, baadaye akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Now-Again Records walianza kuzitoa upya, filamu ya maisha ya bendi ikatoka 2019, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango.

#10 fundi_pedali

Kwa wanaotaka sauti ile ya fazi: saketi ya kale ya transista mbili inatosha na unaweza kuijenga mezani. Transista 2 za jemaniamu aina ya PNP. Resista 4: 33k, 8.2k, 470 na 100k. Kapasita 3: 2.2 µF kwenye kuingilia, 20 µF kwenye kitasa cha fazi, 0.01 µF kwenye kutokea. Kitasa cha fazi 1k, cha sauti 500k. Betri ya volti 9.

Kabla ya kufunga boksi, pima kolekta ya transista ya pili. Lenga volti 4.5, yaani nusu ya betri. Isipofika, badilisha ile 8.2k kwa trima (resista ya kuzungusha) ya 10k au 20k, zungusha hadi ikae.

Makosa ya kila siku. La kwanza, kuiunganisha adapta moja na pedali nyingine. Saketi ya PNP chanya ndiyo ardhi, kwa hiyo unapiga shoti. Tumia betri yake peke yake. La pili, joto. Jemaniamu huvuja umeme zaidi kadiri joto linavyopanda, na kwa Dar au Mombasa mchana volteji inahama, sauti inakuwa butu au inakatikakatika. Ukipiga nje juani, tumia silikoni, mfano BC108, ambayo ni NPN, kwa hiyo geuza betri na kapasita zenye alama ya chanya. Silikoni nayo hudaka stesheni za redio na kupiga kelele kali. Weka kapasita ya takribani 100 pF kati ya kolekta na besi ya transista, inatulia. La tatu, wawa kabla ya fazi. Mlango wa fazi ni mzito, unaivuta wawa mpaka mguu unatembea na sauti haibadiliki. Gitaa liingie kwenye fazi moja kwa moja, wawa ifuate, ndipo amplifaya.

#11 Pwani_Afrosa

Na Tanzania je? Sunburst wa Dar es Salaam wanastahili uzi wao wenyewe. Roki, funk, soul na ngoma za kwetu, kwa Kiswahili na Kiingereza, wakati ambapo Novemba 1969 soul ilikuwa imepigwa marufuku Dar es Salaam. Albamu yao pekee, Ave Africa, ilibidi wakairekodi Zambia mwaka 1976. Sikilizeni "Enzi za Utumwani", halafu "Banchikicha".

Tatizo la nyumbani lilikuwa mnyororo mfupi mno. Redio moja tu upande wa bara, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), ambayo pia ndiyo studio. Kiwanda cha santuri hakuna, kwa hiyo mikanda inakwenda kuchapishwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, na mnyororo ukakatika. Kazi za Sunburst zilikusanywa upya mwaka 2016 tu, lebo ya Strut ilipotoa albamu yote pamoja na singo zao za tangu 1973.

#12 dada_wa_korasi

Afro 70 ya Patrick Balisidya inaingia hapa au ni dansi?

#13 Pwani_Afrosa

Ni dansi kwa msingi wake, lakini gitaa la Balisidya lilikuwa na ukali wa roki kabisa, na alikuja kurekodi na bendi ya Kiswidi, Archimedes. Kwangu anaingia kwa upande wa gitaa. Mpangilio wa nyimbo zake tuuache kwenye uzi wa dansi, unahitaji nafasi yake.

#14 kijana_wa_santuri

Wakuu, singo za 45 za Nairobi bado zinapatikana kwa wauza vitu vya zamani, ila zimejaa vumbi na ukungu. Zinasafishwaje bila kuharibika, na zinaingizwaje kwenye kompyuta?

#15 MkandaMama

Maji yaliyosafishwa nusu lita, alkoholi ya isopropili mililita 75, sabuni ya maji ya vyombo matone mawili. Kwenye vituo vya mafuta omba maji ya betri yasiyo na asidi na usome chupa, maana wapo wanaouza asidi kwa jina hilohilo. Linda lebo kwa mkono au kifuniko. Pangusa kwa kitambaa cha nyuzi ndogo kufuata mifereji, si kukatiza. Suuza kwa maji yaliyosafishwa matupu, simamisha kivulini hadi ikauke kabisa. Santuri za 78 za zamani ni za lakri na alkoholi inaziyeyusha, hizo tumia maji na sabuni tu, kisha zikaushe upesi.

Kwenye kurekodi, sindano iwe mpya na uzito uwe ule uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Ukipunguza ukidhani unailinda santuri, sindano inarukaruka na kuichana zaidi. Waya upite kwenye kipaza cha fono. Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida, sauti inakuwa ndogo na nyembamba bila besi, kwa sababu besi hupunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri na kile kipaza ndicho kinachoirudisha. Rekodi kwa biti 24, kilele kisipite -6 dB, hifadhi WAV ghafi kabla ya kugusa chochote.

#16 Njia_Nne

Nyongeza: singo nyingi za wakati ule ni mono. Ukishaingiza, jumlisha kushoto na kulia ziwe traki moja. Muziki wa mono uko kwenye mwendo wa sindano wa kwenda pembeni, na kelele nyingi za vumbi ziko kwenye mwendo wa juu na chini. Ukijumlisha, ile ya juu na chini inajifuta yenyewe. 

#17 Copperbelt_74

Na upande wa lebo piga picha, pamoja na namba zilizochorwa kwenye ule mviringo mtupu karibu na lebo. Hizo ndizo zinazoonyesha ni uchapaji upi. Kuna albamu zenye miksi mbili tofauti kabisa: Africa ya Amanaz ipo moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi, na ukiwa na faili bila namba huwezi kujua umeshika ipi.